Ukurasa wa Tano wa Hukumu ya Makaburi

Mkuu wa masjala ameniomba niwaandikie ninyi makarani mnaoanza kazi namna mahakama za chini zinavyofuata maamuzi ya mahakama za juu. Amesema kurasa mbili zinatosha, tena ziwe za kuchangamsha. Zitazidi mbili, na hilo la kuchangamsha siahidi. Anayetaka kujua nilipanda daraja gani na lini akaulize ofisi ya utumishi, wao ndio wana faili langu. Mimi nitawaambia habari ya makaburi.

Nilianzia mahakama ya mwanzo moja huku Karagwe. Sitaitaja jina. Ilikuwa na vyumba viwili, bati lenye kutu, na mparachichi uani ambao matunda yake yaliliwa na wadaawa wakisubiri kuitwa, mdai na mdaiwa wakimenya pamoja kama watu wasio na ugomvi. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino. Karani mkuu, Mzee Shabani, aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya harusi ya nani?"

Mzee Shabani alikuwa mtoto wa dukani. Baba yake alitoka Pwani kuja kuuza vitambaa na chumvi, naye akazaliwa huku huku, akakisema Kinyambo kwa ufundi kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa migombani. Akanipa sindano ndefu, uzi wa katani na rundo la karatasi, akaniambia nishone majalada. Nilishona matatu. Moja lilikuwa kichwa chini. Alilifumua akanirudishia, na mpaka leo nikishona kitu chochote, hata kifungo cha gauni, naangalia kwanza juu ni wapi.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi hii mnayoniuliza. Alikuwa akipiga muhuri huku anaongea, na muhuri wake ulikuwa unakita kwenye neno analotaka ulishike.

"Sikiliza, Adela. Bunge linatunga sheria kwa maneno machache, kisha linakwenda zake. Watu nao ugomvi wao hauishi. Nani atasema neno la Bunge lina maana gani kwa mbuzi wa huyu na mgomba wa yule? Jaji. Akishasema, sisi wa chini tunafuata. Si kwamba ana akili kutupita. Ni ili mtu wa Rugera na mtu wa Bweranyange wenye ugomvi wa aina moja wasipewe majibu mawili."

Nikamuuliza kama kila neno la jaji linatufunga.

"Hata! Jaji naye ni mtu. Anaweza kulalamikia mvua katikati ya hukumu. Mvua haikufungi. Soma kwanza nani alifanya nini, halafu tafuta sababu iliyomfanya jaji aamue vile. Hiyo sababu ndiyo inayokufunga. Na usome mpaka mwisho, mama, mpaka kwenye saini."

Hapo alikita muhuri. Niliusikia vizuri sana, sina kisingizio.

Zamani zile hukumu za Mahakama Kuu ya Bukoba zilitufikia kwa kuchelewa, na mara nyingi nakala ilikuwa moja kwa mahakama kadhaa. Kwa hiyo tulikuwa na kauntabuku nene, jalada jekundu, tunanakili humo kwa mkono kila hukumu inayopita. Makarani wa mahakama nyingine, hata wa upande wa Kyerwa, walikuja kunakili kutoka kwetu, maana mwandiko wetu ulisifika. Mwandiko wenyewe ulikuwa wangu, na nilikuwa najisikia, msione aibu kunicheka.

Mwaka wangu wa tatu ilipita hukumu ya makaburi. Ili mwelewe uzito wake, huku kwetu mtu huzikwa kibanjani, yaani kwenye shamba lake la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kibanja cha ukoo hakiuzwi ovyo na hakiendi kwa mtu wa nje ya ukoo. Ulichonunua au kufyeka mwenyewe ni chako. Ugomvi mkubwa siku zote ni kimoja: kibanja hiki ni cha ukoo au cha mtu? Na jaji alikuwa amepewa swali hilo hilo.

Dereva aliyeleta ile nakala alikuwa anapiga honi nje, anataka aipeleke mahakama inayofuata kabla mvua haijaharibu barabara. Nikanakili mbio. Chini kabisa ya ukurasa wa nne jaji aliandika kwamba makaburi ya ukoo yakikutwa ndani ya kibanja ni ushahidi mzito kuwa kibanja ni cha ukoo. Nukta. Nikaona kuna ukurasa wa tano, mistari michache tu. Karani yeyote atakuambia mistari michache ya mwisho ni ya nini: ni gharama za kesi, nani amlipe nani. Sisi gharama za watu wa Bukoba zinatuhusu nini? Nikafunga kauntabuku, nikampa dereva karatasi zake.

Kesi ya kwanza kuamuliwa kwa ukurasa ule wa nne ilikuwa ya Mzee Zefurini, wa Rugera. Wakati huo kesi za vibanja bado zilisikilizwa kwetu. Alikuwa amenunua kibanja miaka mingi nyuma, ukoo wa muuzaji ukaja kukidai, ukasema wana makaburi mawili humo. Tukaenda kuona eneo, mimi nikiwa na jalada na futi ya kamba. Makaburi yalikuwepo kweli, mawe yenye kuvu na miche ya mulamula pembeni, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Nilichokiona ni kwamba migomba ya Zefurini ilipandwa kwa mstari ulionyooka, na kaburi moja lilikaa juu ya mstari, mahali pa mgomba. Nikakiona, nikakiandika, na hakuna aliyeniuliza. Zefurini alisema kitu kimoja tu. "Mheshimiwa, nimelima hapa tangu sina mvi. Hawa watu wameingia lini kulala?" Hakimu wa wakati ule akafungua kauntabuku, akasoma mwandiko wangu kwa sauti. Zefurini akahama mavuno ya kahawa yalipoisha.

Baada ya hapo makaburi yakaanza kuongezeka. Jamani, mimi si mtu wa kuogopa ogopa, nimekaa chumba kimoja na vielelezo vya kesi za mauaji nikila mhogo. Lakini kila tulipokwenda kuona eneo tuliyakuta. Mengine mafupi, kama wamezikwa watu waliokunja magoti. Kibaya zaidi, yote yalielekea njia. Makaburi ya zamani yanaelekea kila upande, kila familia na mazoea yake. Haya mapya yote yalielekea njia anayopitia hakimu.

Na watu wakaanza kuyaheshimu. Hilo ndilo sikulielewa. Kijiji kizima kilijua fulani kabeba mawe kutoka bondeni, lakini ukipita pale unaona wanawake wanashusha sauti, watoto wanazunguka mbali. Fundi mmoja wa Chonyonyo aliyejenga kadhaa hakutaka tena kupita kwenye vibanja hivyo. Nilimuuliza sokoni anaogopa nini kwenye mawe aliyoyapanga kwa mkono wake. Akasema, "Mama Karani, ukijenga nyumba ukaiacha wazi, si inapata wenyeji?" Nikamwambia aache ujinga. Niliporudi nyumbani nikapita njia ya mbali.

Mzee Shabani akastaafu, akafariki, Mungu amrehemu. Kesi za vibanja zikahamishiwa mabaraza ya ardhi. Mirathi ikabaki kwetu, na mirathi ya huku ni kibanja, kwa hiyo kauntabuku haikupumzika. Miaka minne kabla sijastaafu akaja Bibi Kokugonza, mjane wa Chonyonyo. Mumewe alikuwa amekufa, na shemeji yake, Mzee Laurenti, alitaka kibanja kitolewe kwenye mirathi, eti ni cha ukoo, kina makaburi matatu. Bibi alisema kibanja walikifyeka wao wawili, yeye na mumewe, pori lilikuwa hata nyoka wanapotea. Akinyang'anywa hana pa kwenda. Binti yake ameolewa, na kwao alikozaliwa hayupo hata mmoja anayemkumbuka.

Tukaenda: Hakimu Faustini, wazee wawili wa baraza wanaokaa naye mahakamani, mimi, Laurenti na bibi. Makaburi matatu. Nilichora ramani kwa mkono wangu, nikapima hatua, nikaandika: matatu. Juu ya kila moja kulikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani akamwani, buni za kutafuna, zile tunazompa mgeni kabla hata ya maji.

"Bibi, umeweka wewe?" Hakimu akauliza.

"Mimi, Mheshimiwa."

"Si umeapa mbele yangu kwamba makaburi haya ni ya uongo?"

"Nimeapa. Tulipoanua matanga nilikwenda kwa binti yangu wiki mbili. Niliporudi nikayakuta. Siwajui, hatujawahi kusalimiana. Lakini wamelala kwangu, nifanyeje? Mgeni nimnyime akamwani?"

"Kwa hiyo unaamini wamo?"

Alifikiri kwanza. "Mwanzo sikuamini. Ila kila asubuhi buni nazikuta zimeisha."

Mzee mmoja wa baraza akasema ni ndege. Bibi akasema huenda. Halafu akasema, "Fukueni basi tuone."

Hapa ndipo ninyi mnapotakiwa kusikiliza, maana hii ndiyo kazi. Kuna sheria inayokataza kuvuruga mahali pa maziko. Hakimu Faustini alikaa kwenye gogo akaichambua mbele yetu. Maneno ya sheria yakiwa wazi, alisema, hakimu anayafuata, hata kama hayapendi. Lakini je, mawe yasiyo na mtu chini yake ni mahali pa maziko? Kama si maziko, anaweza kuruhusu yafukuliwe. Na atajuaje kama si maziko kabla hajayafukua? Wazee wa baraza walicheka kidogo, wakaacha. Maneno yakikufungia hivyo, akaendelea, unauliza Bunge lilikuwa linamlinda nani. Lilimlinda aliyelala apumzike, na aliyefiwa asiumizwe mara mbili. Kufukua kwa kubahatisha kunaweza kuwaumiza wote wawili. Hatafukua. Akageuka kwangu. "Na kwenye kauntabuku Mahakama Kuu imekwishasema makaburi ni ushahidi mzito. Mama Adela, mikono yangu imefungwa." Akapanga tarehe ya hukumu.

Bibi Kokugonza hakulia. Alitupa buni za kutafuna, kila mmoja wetu, Laurenti pia.

 Wiki ile kila nikikaa naisikia honi ya yule dereva. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi kwenda Bukoba, nikamwambia Hakimu peke yake ninakokwenda. Kwenye maktaba ya mahakama walinitolea hukumu yenyewe, imejalidiwa vizuri. Nikafungua ukurasa wa tano nimesimama, kisha nikatafuta kiti.

Hapakuwa na gharama. Jaji aliandika kwamba hayo ya juu ni kweli pale tu mahakama inapojiridhisha kwanza kuwa waliolala humo wanajulikana kwa majina, na walizikwa kabla ugomvi haujazaliwa. Vinginevyo, alisema, mahakama itakuwa inawaalika watu kujenga makaburi. Alituonya kabisa. Onyo lake mimi ndiye niliyelifungia nje, na miaka yote ile mahakimu wetu walikuwa wanafuata nusu ya hukumu, na watu wakafanya kile kile alichokiogopa.

Nilirudi nikamwambia Hakimu Faustini. Nililia, sitaficha. Akasema tunarudi Chonyonyo.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi, ukungu bado umekaa migombani. Laurenti alikuja na suti. Hakimu akamwambia ataje aliyelala katika kila kaburi. Alikuwa amejiandaa: la kwanza babu yake, la pili mdogo wa babu, la tatu shangazi aliyekufa mtoto.

"Na la nne?"

Nilikuwa naandika, nikainua kichwa. Yalikuwa manne. La nne lilikuwa karibu zaidi na nyumba, mawe yana kuvu la kijani, mulamula imefika kiunoni mwangu. Nikafungua ramani yangu ya wiki mbili nyuma. Matatu. Hatua nilizopima zilipita pale pale, kwenye udongo mtupu.

Laurenti alirudi nyuma mpaka akagota kwenye mgomba. "Hilo si langu."

"Si lako kivipi?"

"Mheshimiwa, mimi nimejenga matatu! Matatu tu, muulizeni fundi! Haki ya Mungu hilo silijui limetoka wapi!"

Hakuna aliyecheka. Mzee wa baraza, yule wa ndege, alivua kofia. Hakimu akaniambia kwa sauti ndogo, "Karani, andika kama alivyosema." Niliandika. Mkitoa jalada lile masjala mtaona mwandiko ninaousifia ulivyokuwa siku hiyo.

Hukumu ilifuata kurasa zote tano, na bibi akabaki kwake. Nilipompelekea nakala nilimuuliza ana kwa ana kama lile la nne alilijenga yeye.

"Mgongo huu nibebe mawe, mwanangu? Hilo lilikuja siku ile uliyokwenda Bukoba."

Sikuwa nimemwambia. Nilimuuliza Hakimu, naye akaapa hakumwambia mtu. Nimeliacha hapo, kwa sababu sina pa kulipeleka.

Niliponakili ukurasa wa tano kwenye kauntabuku na kuwapelekea makarani wote, nilijua kuna mlango mmoja nitakaopaswa kuubisha. Mzee Zefurini alikuwa amehamia kwa binti yake, Kyerwa. Hakimu alinieleza kwamba hukumu iliyokwisha imekwisha, isipokuwa mtu aombe kuongezewa muda wa rufaa na atoe sababu nzito. Sababu nzito nilikuwa nayo mimi. Nikaenda. Nikakuta amekufa, amezikwa kibanjani kwa mkwewe, kando ya njia, kama mgeni, bila jiwe hata moja.

Binti yake, Anastela, alinipokea vizuri kupita kiasi. "Siku za mwisho alikuwa anatutuma," akasema. "Anasema nendeni Rugera mkawaambie wale watu watoke kitandani kwangu." Akanipa buni za kutafuna. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikatafuna, nikashukuru, nikapanda pikipiki nikarudi. Sikusema kitu. Kati ya makosa yangu mawili hilo ndilo kubwa, maana la kwanza nilikuwa na haraka, la pili sikuwa na haraka yoyote.

Sasa nimestaafu, nipo kibanjani kwangu. Wiki tatu zilizopita nilitoka asubuhi kuangalia kahawa, nikalikuta. Fupi, mawe yenye kuvu, mulamula mbili. Haliangalii njia, linaangalia dirisha langu. Mume wangu anasema ni watoto wa jirani. Nimemwambia sawa. Sijaligusa, sheria ya maziko naijua. Nimekuwa nikiweka buni kwenye jani, na kila asubuhi zimeisha. Ndege wapo wengi, ni kweli.

Juzi nikajiuliza maswali ya ukurasa wa tano. Anajulikana kwa jina? Anajulikana. Nikakaa mezani, nikaandika kiapo changu chote, tangu honi mpaka buni za Anastela, nikakipeleka kwa Hakimu kikapigwa muhuri. Nimekinakili mara mbili kwa mkono, mpaka kwenye saini. Kimoja nimekiambatisha hapa, mkisome. Kingine ninampelekea Anastela leo, akaombee muda wa rufaa. Wanaweza kumkatalia. Wanaweza kugusa pensheni yangu. Waguse.

Leo asubuhi nilipita pale nikiwa nimevaa viatu vya safari. Buni za jana zilikuwepo zote juu ya jani, hazijaguswa hata moja. Nikasimama kidogo.

"Mzee Zefurini," nikamwambia, "shikamoo. Nakwenda kumwambia."

Pikipiki iko nje, dereva anapiga honi. Safari hii atasubiri.